Mawele Mabichi ya Mwezi wa Kwanza

Upande wetu wa Gachoka, mvua ya mwezi wa kumi ikichelewa, mawele huchelewa pia, na mawele yakichelewa hukutana na shule. Mwaka ninaoukumbuka yalikutana. Shule ilikuwa ifunguliwe Jumatatu, mimi niingie darasa la tano, na shamba letu lilikuwa limefika mahali pabaya kabisa: punje zimejaa maziwa, laini, tamu, na ndege wanajua.

Sitaki niandike kana kwamba nilionewa peke yangu. Karibu kila nyumba ilikuwa na mtoto juu ya ulingo. Ulingo ni miti minne iliyosimamishwa katikati ya shamba, na juu yake fito zimefungwa kwa kamba, mtu akipanda anaona masuke yote. Unakaa pale na rundo la udongo uliolowa. Unabandika donge kwenye ncha ya ufito, unalirusha mahali ndege wametua, na unapiga kelele. Wale ndege ni wadogo sana, mmoja hajazi kiganja, lakini hawaji mmoja. Wanakuja kama moshi, na wakikaa wewe ukiwa umelala, unaamka unakuta masuke yamebaki kama mifagio.

Nyumbani ilikuwa hivi. Baba alikuwa Kiambere, kwenye kazi ya bwawa, miaka ile likijengwa, na alikuwa akija kila mwisho wa mwezi. Mama alikuwa na mtoto mchanga, na maji tulikuwa tunateka mbali. Kaka yangu alikuwa anaingia darasa la mtihani. Dada yetu mkubwa alikuwa ameshaolewa. Ukihesabu vizuri, ulingo ulikuwa wangu. Hata mimi ningekuwa mama ningehesabu vile vile.

Shida ilikuwa maneno ya mwalimu mkuu siku ya kufunga. Alisema mbele ya wazazi wote kwamba atakayekosa kuonekana wiki ya kwanza atarudishwa darasa alilotoka. Mimi darasa la nne nilikuwa nimelirudia tayari. Na dada yetu alirudia mara mbili, baba akasema mtoto akirudia mara mbili shule yenyewe imemkataa, basi akae nyumbani. Akakaa, halafu akaolewa. Yuko salama, ana watoto wazuri, sisemi kitu. Lakini nilijua nikirudi la nne nitafuata njia ile ile, na sikuitaka. Kwa nini sikuitaka, sijui kama ninaweza kueleza. Sikuwa mwerevu. Nilipenda tu kukaa pale nikifundishwa.

Jumapili jioni nilikuwa nimeshafua sare na kuianika kwenye ua. Mama akaja akaishika kuona kama imekauka.

"Mama," akaniambia. Aliniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. "Hii tuiweke ndani kwanza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka hawa ndege watuachie chakula."

"Mwalimu alisema wiki ya kwanza."

"Nilimsikia. Nilikuwa nimekaa pale."

Aliikunja vizuri sana, kama mtu anayekunja nguo ya mgeni.

Jumatatu asubuhi nilikuwa juu kabla jua halijatoka, maana ndege hupenda baridi. Njia ya shule ilipita kando ya shamba letu. Niliwaona wote wakipita, na jembe na ndoo, kwa sababu siku ya kufungua ni siku ya kufyeka nyasi na kuosha madarasa. Msichana mmoja wa rika langu, jirani, alisimama akanipigia kelele.

"Wee mlinzi! Wasomee hao ndege basi!"

"Enda zako!"

"Nitakuwekea nafasi kwa dawati. Lakini ukikawia nitaipea mtu mwingine!"

Wakacheka wote. Siwezi kusema alikuwa mbaya. Mwaka uliotangulia yeye ndiye alikuwa ulingoni, na nadhani mimi pia nilimcheka.

Sasa, mtu ambaye hajalinda ndege hajui kwamba jua likiwa kali katikati ya mchana wale ndege wanaingia kwenye miiba kupumzika. Shamba linanyamaza. Jumanne saa hiyo nilishuka, nikamwomba mama nikimbie shule nionekane tu, nirudi kabla jua halijapoa. Mama aliangalia shamba, akaangalia mtoto aliyelala mgongoni mwake.

"Enda. Lakini uoge miguu."

Niliosha miguu nikasahau mikono. Nilifika mlangoni mwa darasa la tano nikiwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Mwalimu wa darasa alikuwa mgeni, kijana, ametoka juu upande wa Meru, kwenye majani chai. Alikuwa anaandika ubaoni. Aligeuka akanitazama kuanzia chini.

"Wewe umetoka kufinyanga nyungu?"

Darasa likacheka.

"Hapana, mwalimu. Ndege."

"Ndege?"

"Ninalinda ndege, mwalimu. Kwa shamba."

"Kwetu nyani wanaingia kwa mahindi, wakubwa kama mimi hapa, na watoto bado wanakuja shule. Ndege wa namna gani hawa wa kwenu?"

Mvulana mmoja wa nyuma akasema, "Ni wengi, mwalimu! Kama wanafunzi!" Wakacheka tena, na mwalimu naye akacheka. Nilifikiri kicheko kile kitaniokoa. Lakini alipomaliza alisema polepole, bila hasira:

"Sikiliza. Mimi siwezi kuandika kwamba umefika na umekuja saa sita ya jua kali. Darasa linaanzia paredi. Jumatatu ijayo uwe kwenye mstari asubuhi na wenzako. Usipokuwa, mwalimu mkuu ameshasema, si mimi."

Nimemfikiria sana yule mwalimu. Zamani nilimchukia. Sasa naona alinipa siku alizoweza kunipa. Angenirudisha la nne palepale na hakuna ambaye angemwuliza.

Nyumbani nilimweleza mama yote, hata ile ya nyungu. Kaka alikuwa anakula. Akasema, "Mimi nitapanda ulingo asubuhi. Nitaenda shule nikichelewa, watanichapa tu."

"Darasa la mtihani?" mama akamwuliza.

"Watanichapa tu, mama."

"Kula."

Kaka akaendelea kula. Kuna wakati nilidhani alisema vile kwa sababu alijua atakataliwa. Lakini sikuwa ndani ya moyo wake, na ni kweli alisema, na hakuna mwingine aliyesema.

Mawele yalikuwa yanataka wiki mbili hivi kukauka. Mimi nilikuwa na mpaka Jumatatu. Nilikaa juu ya ulingo nikiyatazama, nikayabonyeza punje kila asubuhi kwa ukucha, na kila asubuhi yalitoa maziwa. Niliomba Mungu ayakaushe. Halafu nikaogopa, nikamwomba asiyakaushe kwa njia mbaya.

Baba alikuwa ameacha maneno kabla hajarudi Kiambere: mtu asikate mawele mpaka yagonge. Kugonga maana yake punje iwe ngumu kwenye jino. Alikuwa na sababu. Siku za nyuma tuliwahi kukata mapema, tukaweka ghalani, yakashika joto na ukungu, tukawapa kuku. Kuku wenyewe walichagua.

Ijumaa jirani wa ng'ambo alimaliza kuvuna shamba lake, alikuwa amepanda mapema. Ndege wake wote wakahamia kwetu. Siku hiyo sikukaa chini hata kidogo. Nilirusha udongo mpaka bega likakataa, nikapiga kelele mpaka sauti ikaisha, na mama akaja chini ya ulingo na mtoto mgongoni akigonga debe. Jioni tulitembea kwenye mistari. Upande wa juu wa shamba ulikuwa umeliwa.

Jumamosi asubuhi nilipopanda, nilimwona mama anaingia shambani na kikapu na kisu kidogo. Nikafikiri anatafuta masuke ya kuchoma, maana mawele mabichi yakichomwa ni matamu sana. Lakini alianza pembeni kabisa, akakata suke, akakata linalofuata, akasonga.

"Mama! Hayajagonga!"

"Shuka uje na kikapu kingine."

"Na baba?"

"Nimekwambia shuka."

Tulikata siku nzima, sisi na kaka. Jumapili hatukwenda kanisani, jambo ambalo mama hakuwahi kulifanya akiwa mzima. Majirani walipita wamevaa vizuri, mama mmoja akauliza kwa sauti kama kuna mgonjwa. Mama akamjibu, "Hakuna. Mungu anawajua hao ndege, aliwaumba mwenyewe." Tulitandaza masuke yote juu ya mwamba ulio nyuma ya nyumba, moja moja, bila kulundika, yapigwe na jua.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Mawele yaliyo juu ya mwamba yanalindwa pia. Kuku, mbuzi, na ndege wale wale. Kazi ilikuwa imehama tu kutoka shambani ikaja nyuma ya nyumba, na kesho ilikuwa Jumatatu. Sikumwambia mama. Nilimwona anaangalia mwamba, nikajua ameshaona.

Baba alifika alasiri, bila kutarajiwa. Walikuwa wamepewa mapumziko. Alikuja moja kwa moja mpaka mwambani, mfuko ukiwa bado begani.

"Nani amekata?"

"Mimi," mama akasema.

"Nilisema nini?"

"Ulisema yagonge. Ndege walikuwa wengi."

"Ndege huwa wengi kila mwaka."

Baba aliokota suke, akapukusa punje mkononi, akazitafuna. Halafu akanigeukia. Kwa ajili ya lile jina langu, yeye aliniita mama mkwe. Ilikuwa mzaha, lakini pia hakuwahi kunitukana.

"Mama mkwe, shule si ilifunguliwa?"

Nikamwambia. Nilijaribu kusema kila kitu sawasawa, maneno ya mwalimu mkuu na ya mwalimu wa darasa, nisiongeze. Nilipofika kwenye kurudia darasa nilinyamaza, kwa sababu aliyesema shule imemkataa mtoto alikuwa yeye. Alielewa, nadhani. Alitafuna punje nyingine.

"Haya yatatupeleka mpaka wapi?" akamwuliza mama.

"Si mbali."

"Si mbali," baba akarudia. Akaweka mfuko chini. "Kesho nani anakaa hapa?"

Mtoto alikuwa analia, mama akamhamisha bega.

"Basi nitakaa mimi. Kazi itaningoja siku mbili tatu. Isiponingoja, tutajua."

Siwezi kuapa kwamba mama alikata mawele yale kwa ajili yangu. Niliwahi kumwuliza nikiwa mtu mzima, akasema, "Si uliwaona wale ndege?" na akaendelea na kazi yake. Labda ni kweli ilikuwa ndege tu. Punje zilipokauka zilikunjamana, unga ukawa mchache na mweusi kidogo, na msimu ule tulikula mihogo kabla ya wakati. Mama hakulalamika, baba alilalamika mara moja moja, na sikumwona kama amekosea.

Jumatatu nilikuwa kwenye paredi kabla ya walimu kutoka ofisini. Mikono nilikuwa nimeisugua kwa jiwe. Mwalimu wa darasa alipita kwenye mstari akasimama mbele yangu.

"Na ndege?"

"Baba yuko nao, mwalimu."

"Haya."

Yule msichana jirani alikuwa amempa mtu mwingine nafasi yangu ya dawati, lakini alimsukuma, tukabanana watatu. Tulikuwa tunanakili hesabu kutoka ubaoni upepo ulipogeuka, ukaleta sauti ya mwanamume kutoka ng'ambo ya bonde, "Huuui! Huuui!", na debe likigongwa. Darasa likaanza kucheka chini chini.

"Huyo ni nani anapiga nduru hivyo?" jirani akaninong'oneza.

"Ni baba," nikasema.

"Mbona haachi?"

"Hajazoea," nikamwambia, nikaendelea kunakili.