Sakafu Iliyoteremkia Jikoni

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha sukari cha Dzamandzar, kisiwani kwetu. Kwa kuwa niliweza kufungua pampu na kuifunga tena, niliamini hakuna kazi ya mikono itakayonishinda. Nikaamua kujijengea karakana uani. Nilipomaliza kuta nikamwaga zege la sakafu na kulisawazisha kwa macho tu. Lilipokauka nikaangusha kipande cha bomba, nacho kikabingirika mpaka mlango wa jikoni.

"Kinajua chakula kilipo," mke wangu akasema.

Ningecheka, ila wiki ileile baba yake alikuwa anakuja kututembelea kutoka Mahajanga, naye alikuwa amefanya kazi ya uashi miaka arobaini.

Alipofika aliitazama sakafu kabla hata ya kukaa. Nikamwahi: "Nimeiwekea mteremko makusudi, baba. Maji ya mvua yatoke."

Akaomba kikombe cha maji, akayamwaga sakafuni. Maji yakashuka, yakavuka kizingiti cha jikoni. Mke wangu, aliyeketi humo, akainua miguu bila kuacha kukuna nazi.

"Yatoke yaende wapi?" baba mkwe akaniuliza kwa Kingazija, lugha ya kwao, maana Kimalagasi alikiweka kwa mambo ya sokoni. "Kwa mwanangu?"

"Nimekosea, baba."

Akacheka hadi kofia ikamdondoka.

Kesho yake tulijaza maji katika mpira mwembamba wa bomba, unaoonyesha ndani. Tukashika ncha zake, yeye pembe hii, mimi ile, na maji yalipotulia tukatia alama ya usawa wake ukutani. Upande wa jikoni ulikuwa chini kwa vidole vinne. Siku mbili nilichimba zege la zamani kwa tindo ili jipya lishike, na upande wa juu akanilazimisha kukata zaidi.

"Zege jembamba hubanduka," alisema. "Kata, mkwe, usilionee huruma."

Tulipomwaga zege jipya, yeye alivuta ubao wa kusawazishia, mimi nikabeba ndoo. Kisha tukalifunika kwa magunia yaliyoloweshwa ili lisikauke haraka, naye akaahirisha safari kwa wiki nzima, eti ayalinde. Aliyalinda akiwa jikoni, akilishwa pweza wa nazi.

Siku ya mwisho alipiga magoti, akalaza shavu sakafuni, akakaa hivyo mpaka nikaingiwa na hofu.

"Baba?"

"Nyamaza, natazama." Akainuka polepole, akajipangusa vumbi. "Sawa. Lete meza yako ya kazi."

Kiwanda kilipofungwa, miaka mingi baadaye, karakana ile ndiyo iliyotulisha. Watu waliniletea injini za boti kutoka bandari ya Andoany, na hakuna hata skrubu moja iliyonikimbia kwenda jikoni.