Maji Yaliyolala

Programu yangu iliwaonyesha watu wa Goma ni robine ipi, yaani bomba la mtaa, ina maji. Asubuhi simu zote ziliuliza hifadhidata swali lilelile, ikalemewa. Nikaweka majibu kwenye kumbukumbu ya seva ili hifadhidata isiulizwe kila mara, programu ikawa nyepesi, nami nikajisifu.

Kisha mama jirani yangu, hapa mtaani Keshero, akarudi na bidoni lake la kuchotea maji likiwa tupu.

"Papa, simu yako inadanganya. Robine imekauka."

Kumbe mlinzi wa robine alishaiarifu hifadhidata kwa simu yake, ila kumbukumbu iling'ang'ania jibu la jana.

"Mimi kabla ya kujaza bidoni, namwaga kwanza maji yaliyolala humo," akaniambia kwa hasira.

Nikafanya vivyo hivyo: taarifa mpya ikiingia, jibu la zamani linafutwa.

Kesho yake mama huyo alisimama mlangoni pake, bidoni mgongoni, akatazama simu kwanza, ndipo akashika njia.