Walipotuita Chakavu

Juzi nilikwenda Mtoni kumwona mama, nikakuta gari la matangazo limesimama kwenye kona, linawaita mkutanoni "wakazi wote wa eneo chakavu." Watu wakaendelea kununua mihogo ya kukaanga. Hakuna aliyenuna wala kujibu, na hilo ndilo lililonitisha.

Maana enzi zetu, rafiki yangu, neno hilo lilikuwa la mtu mmoja tu: mnunuzi wa vyuma chakavu, aliyepita asubuhi na mkokoteni akigonga debe. Bibi akimsikia tu, alikimbilia masufuria yake na kuyaingiza ndani, mikono bado ina unga wa vitumbua. Mtaa wenyewe tuliuita Uswahilini, na tuliringa nao. Idi ikikaribia, kila nyumba ilipakwa chokaa. Ya kwetu bibi aliitia bluu kidogo ya kufulia, na harufu yake ilitukaa puani mpaka siku ya pilau. Jirani yetu, mwalimu kutoka bara, alipaka ya kwake Krismasi.

Kisha wakaja mabwana wa mipango miji. Wakapima, wakatuambia hapa ni eneo chakavu. Mie nikajua mkokoteni unakuja kuchukua mabati ya paa. Nikawatangazia watoto wenzangu, tukakaa mlangoni kulinda. Wakubwa walicheka mpaka machozi yakawatoka, isipokuwa bibi.

"Neno hilo msilirudie humu ndani," alisema. "Nyumba inachoka, ukiihudumia inaamka. Chakavu ni kitu cha kutupwa."

Wale mabwana hawakurudi. Hatukuvunjiwa hata choo. Ila mwalimu, aliyekuwa ameanza kujenga uzio, aliacha matofali yakaota majani. "Nijenge ili iweje, bibi?" aliuliza. "Mahali penyewe chakavu." Mwingine akaacha bomba livuje. Wenye uwezo wakahamia Mbagala na mbele zaidi, wakapangisha vyumba vyao na wasirudi kuviangalia. Bibi alipaka chokaa hadi mwaka aliofariki. Kufikia hapo ilikuwa nyumba yetu peke yake iliyopakwa, na wapita njia waliiona kituko.

Siku hizi mama anaishi humo peke yake. Ukuta wa nyuma umepasuka kutoka kwenye msingi hadi dirishani, ufa unapitisha vidole, na masika hayo yanakuja. Nikamwambia kesho namletea fundi.

"Fundi wa nini, mwanangu?" alinijibu kwa upole, kama ananibembeleza. "Sie si tumeshaitwa chakavu?"

Nilikasirika, halafu nikaogopa. Watu wa mtaa huu walikuwa wabishi, wangegombana na yeyote kwa ajili ya ndoo moja ya maji, na sasa sijui ubishi ule umekwenda wapi. Ningejua la kufanya kama lingekuja tingatinga. Nilipoingia chumbani kwa mama kuweka mkoba, nikakuta ameshasogeza kitanda mbali na ukuta ule.