Kisanduku Cheupe Siku ya Mazishi

Ukitaka kumjua Mueni, mwangalie anapobisha mahali pasipoitikwa. Habishi mara ya pili. Anageuka, anachukua kitambaa chake cha kupangusia, anaendelea na kazi kana kwamba hakuwa na haja. Mtu hazaliwi hivyo. Amekaa Riyadh hadi watoto aliowakuta wakitambaa katika nyumba ya Al-Suwaidi, anakofanya kazi, sasa wana sauti nzito, na katika muda huo wote aliuliza mambo mengi: likizo, ikama, yaani kibali chake cha ukaazi, hata dirisha la chumba chake lisilofunguka. Jibu lilikuwa bukra, yaani kesho, au kimya. Mwishowe akachoka kuuliza. Nani asingechoka, jamani?

Kompyuta yake ilikuwa kuukuu ya kijana wa madam. Aliachiwa baada ya simu yake kutumbukia kwenye ndoo ya kudekia. Simu ilipona nusu: ilipokea na kupiga, basi, kioo kilikuwa cheusi. Nayo kompyuta ilikuja na balaa lake. Ukifungua ukurasa wa mapishi, matangazo yanakurukia: pete, magari, wachumba. Mueni akamlilia binamu yake Titus, karani wa mizigo kule bandari ya Jeddah.

Titus alikuwa ametapeliwa mtandaoni mwaka huohuo, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kutoka chumba chake cha kupanga Kandara, mtaa wa huko huko Jeddah, akamwelekeza kwa simu, bonyeza hapa, sasa pale, mpaka akamwekea mlinzi kwenye kivinjari.

"Ukurasa una maandishi na picha, hayo si neno," alimweleza. "Lakini ndani yake kuna amri ndogondogo, zinaitwa skripti. Hizo ndizo zinazochezesha vitu, na hizo ndizo zinazoingiza wezi. Huyu mlinzi anazizuia zote. Ile ngao ndogo juu kulia, usiiguse. Umesikia, dada?"

"Nimesikia."

Matangazo yalikufa papo hapo, na Mueni akamwombea Titus baraka. Ila na vitu vingine vilikufa. Ukurasa wa hali ya hewa ulitaja jina la Riyadh, lakini mahali pa joto pakawa patupu. Ule wa kanisa la nyumbani uliandika "soma zaidi", na ukibonyeza huendi popote, kama mlango uliochorwa ukutani. Video zikageuka visanduku vyeupe. Kurasa chache zilisema wazi kwamba kuna kitu kimezuiwa. Nyingi zilinyamaza tu. Mueni hakumuuliza Titus. Alidhani ndivyo mtandao ulivyo kwa watu kama yeye: unapewa nusu, unashukuru.

Kisha mama yake akafariki kwao Mwingi, Kenya.

Madam alimpa pole, na ilikuwa pole ya kweli, machozi yalimlengalenga. Lakini ikama ilikuwa bado inashughulikiwa, na bila ikama hakuna kusafiri. Bukra. Kaka yake Timothy akampigia asivunjike moyo. Wamekodi vijana wa kamera, akasema. Mazishi yataonyeshwa moja kwa moja kwenye ukurasa wa familia, na walio mbali watatoa neno lao la mwisho kwenye spika, pale pale kaburini.

"Wewe ndiye kifungua mimba," Timothy alisema. "Utaongea kabla ya udongo."

Mueni alilitunga neno hilo akipiga pasi, akiosha vyombo, akisugua bafu. Kila alipolirudia lilizidi kuwa fupi. Likabaki hivi: Mwaitu, mama yangu, nisamehe, niko hapa. Wiki hiyo hakutaka kitu kingine chochote duniani ila kulisema hilo na wamsikie.

Ijumaa watu wa nyumba wakaenda kula kwa babu yao. Mueni akajifunga kitambaa cheusi, akaketi jikoni, akafungua ukurasa. Ukaja vizuri! Picha ya mama na kitenge chake cha buluu. Wasifu. Ratiba ya ibada. Katikati kisanduku cheupe, na chini yake kitufe kilichoandikwa "Nyoosha mkono useme".

Akakibonyeza. Kimya. Hakukibonyeza mara ya pili.

Hawajaanza, alijiambia. Watu wa kwetu na saa! Akasoma wasifu wote, akaurudia, akaona wamekosea jina la shule. Kisanduku cheupe. Labda gari la maiti limekwama. Labda mvua. Akainuka akaosha sufuria, akarudi. Cheupe. Ampigie Timothy? Mtu yuko mazishini, utamsumbuaje? Akakaa mikono mapajani, mwili wote ukimuuma kwa uchovu, na usingizi, mwizi yule, ukaanza kumchukua.

Simu ikalia. Titus.

"Dada, mbona umenyamaza hivyo? Nimetazama yote hapa kazini. Wamekuita, wakakuita!"

"Kwani wameanza?"

"Wameanza? Mueni, wamemaliza! Watu wanakula."

"Mimi naona kisanduku cheupe tu," alisema. "Tangu nifungue."

Nyuma ya Titus kulikuwa na mlio wa malori ya bandarini. "Cheupe," akasema polepole. "Ee Mungu wangu. Ni yule mlinzi. Amezuia video, amezuia na kitufe. Bonyeza ile ngao, uruhusu ukurasa."

"Si ulisema nisiiguse?"

"Iguse, dada. Nisamehe. Iguse."

Akaigusa. Ukurasa ukazimika, ukarudi, na kile kisanduku kikajaa rangi. Vijana walikuwa wanakunja mahema. Akina mama walipita na masahani. Nyuma yao kulikuwa na tuta jipya la udongo mwekundu, limefunikwa maua. Mueni akabonyeza kitufe, nacho mara hii kikaitika: muda wa salamu umekwisha.

"Unaweza kurudisha nyuma," Titus alisema. "Yote yamo."

Akarudisha. Akamwona Timothy na kipaza sauti mkononi. "Sasa tumsikie kifungua mimba wetu, yuko Saudi. Mueni?" Nyuso zote zikaigeukia kamera. Mchungaji akafunga kitabu, akangoja. Vijana wenye makoleo wakayaegemea. Timothy akaisogelea kamera mpaka uso wake ukajaa kioo kizima, machozi yakimtiririka. "Mueni, unatusikia?"

"Mwacheni," sauti ya shangazi mmoja ikasema. "Pengine yuko kazini. Amechoka huyo."

Timothy akaitazama kamera kidogo zaidi, kisha akawatikisia vijana kichwa. Makoleo yakainuka.

Mueni akarudisha nyuma. Uso wa kaka yake ukajaa kioo tena. "Mueni, unatusikia?"

"Niko hapa," akasema.

Makoleo yakainuka. Akarudisha. "Mueni, unatusikia?"

"Niko hapa! Mwaitu, niko hapa!"

Titus hakukata simu. Alimsikia akirudisha tena, na tena, huyu asiyebisha mara ya pili, na kila mara akijaribu kujibu kabla ya makoleo.