Pikipiki ya Kiti cha Chini

Odile alikuwa mfupi, na karibu pikipiki zote za Kasongo zilimzidi kimo. Siku alipoikalia ile nyekundu ya kiti cha chini, yenye usukani mpana, miguu yote miwili ilifika chini, akacheka peke yake. Hiyo ingempeleka kazini kituo cha afya na sokoni bila kuomba mtu amshikie.

Bei yake aliiweza, ila mambo ya injini hakuyajua. Akamwita Feruzi, mdogo wa marehemu mume wake, aliyekuwa dereva wa pikipiki tangu ujana. Feruzi akaiwasha, akatega sikio, akatikisa kichwa.

"Shemeji, hii iko mugonjwa. Unasikia vile inagonga? Itakuacha njia ya Wamaza."

Odile akamwamini. Akanunua ndefu aliyochaguliwa na Feruzi, nayo ikawa inamwangusha kwenye tope kila anaposimama.

Jumapili moja, akitoka kanisani, akamwona Feruzi anapita juu ya ile nyekundu, mke wake nyuma. Akamsimamisha.

"Feruzi, na ule ugonjwa?"

Feruzi akakazia macho tangi. "Haikuwa na kitu, shemeji. Ningesema kweli, ungeinunua wewe."

Odile akawapisha njia. Huyu ndiye aliyemshika mkono siku ya maziko ya mumewe.

Kesho yake fundi alimpunguzia sponji ya kiti cha ile ndefu, naye Odile akaendelea na safari zake. Feruzi akimsalimu, anaitikia. Lakini sahani ya chakula aliyokuwa akimwekea kila jioni, hamwekei tena.