X ya Kuhifadhi

Wiki jana nilikuwa kwa ofisi ya chifu, Ruiru, nikingojea barua, wakati afisa wa mazingira alipoingia na faili kwapani. Alikuwa akikagua njia ya reli kule Mugutha, kabla treni za abiria za Thika hazijaongezwa. Kwenye benchi aliketi shosho mmoja, bibi kizee aliyeitwa kwa kukata miti mitatu kando ya reli.

"Shosho, ni nani alikuambia ukate?"

"Si ni nyinyi? Mliipiga X nyekundu."

Afisa alijishika kichwa. "X ilikuwa ya kuhifadhi! Hiyo ndiyo miti tulitaka ibaki!"

"Haiya! Kijana wangu, kibanda changu cha Witeithie kilipigwa X jioni, asubuhi tingatinga likafika kukibomoa. Safari hii nikaona heri nikate mwenyewe, angalau nibaki na kuni."

Chifu alikohoa, akaangalia dirishani. Mimi sikucheka. Tangu lini serikali ikapaka kitu rangi nyekundu kwa kukipenda? Huyu mtaalamu alipima udongo, akapima kelele, akapima mpaka maji ya mto, lakini hakuuliza mtu yeyote X ni nini.

Alimaliza kuandika maelezo ya shosho, akamsukumia karatasi. "Kama hujui kuandika jina, weka X hapa."

Shosho alirudisha mikono yake ndani ya leso.

"Na hii," akauliza, "ni ya kuhifadhi ama ni ya kukata?"