Mbuzi Katika Shamba la Kasian

Wimbo wa pili siku hizi unaanza vibaya. Mwalimu Adrian ananyoosha mkono, anangoja, na pale ambapo sauti ya Evarista ilikuwa ikitangulia peke yake hakuna kitu. Kisha wanakwaya wanaingia wote kwa pamoja, kama watu wanaosukumana mlangoni. Tekla, anayesimama kando ya ile nafasi tupu, huangalia viatu vyake.

Kijijini kwao, huko juu Kilolo, mtu akimaliza kabisa kuvuna viazi huachia mifugo shambani. Ukiona mbuzi ndani, huna haja ya kuuliza. Chukua jembe ukafukue masazo, ni halali yako. Evarista, mjane wa kaka yake Tekla, alilisha wanawe hivyo kila Juni.

Asubuhi moja aliona kwa mbali, ndani ya ukungu, mbuzi katika shamba la Kasian. Akarudi nyumbani kuchukua jembe. Ndoo ilikuwa imefika nusu Kasian alipomkuta. Kasian alikuwa ameshachimba viazi vyake mara moja, lakini kesho yake alikusudia kurudia.

"Niliona mbuzi," Evarista aliliambia baraza la kijiji.

"Mbuzi wa nani?" Kasian akafoka. "Mimi sijaachia hata mmoja!"

Mbuzi walikuwa wa Tekla. Walikata kamba, naye akawaswaga hadi nyumbani kabla hawajaonekana, au ndivyo alivyodhani.

Evarista akamgeukia. "Wifi, wewe si hupita pale kila asubuhi?"

"Sikuona kitu, wifi."

Wajumbe wa baraza hawakumpeleka Evarista polisi, walisema wanamhurumia. Siku ya gulio walimvika viazi shingoni kwa kamba ya katani, wakampa debe apige, azunguke akiimba kwamba yeye ni mwizi.

"Paza sauti, mama kwaya!" mwuza mitumba alipiga kelele. "Jumapili si huwa unapaza?"

"Mwacheni, leo hana kipaza sauti!" mwingine akadakia, watu wakacheka.

Evarista akaimba. Hakujua kuimba vibaya. Sauti ilipanda juu ya mabanda, safi kabisa. Kisha umati ukaitikia, "Mwizi!" Na Tekla, aliyekuwa amemwitikia kwa miaka kumi na mmoja, mdomo ukamfunguka wenyewe. Akaitikia kwa sauti ya pili, ile ile ya kanisani. Evarista aliitambua. Aligeuza shingo, viazi vikagongana kifuani.

Wiki mbili baadaye Tekla alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akasema yote.

"Sasa mbona siku ile ulikaa kimya?"

"Niliogopa debe."

Mwenyekiti alitazama nje. "Yameshapita hayo, mama. Na mwenyewe ameshahama."

Evarista yuko Ruaha Mbuyuni na wanawe. Anachambua vitunguu kando ya barabara kuu, na kanisani hukaa benchi la nyuma.